Barua kwa mwanangu: kazi ya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili mama yenu asikie huku akikuna nazi. Unauliza kama mdogo wako, mtoto wa mkata mkonge aliyeishia darasa la saba, ana nafasi ya kweli akiomba vyuo vya Marekani kama Harvard na Princeton, au kama sisi wakubwa tunampumbaza kwa maneno matamu, ilhali nafasi ya uhandisi katika chuo kikuu cha hapa kwetu, kule Juja, amekwisha kuipata.

Kwa hesabu tupu, jibu ni fupi. Katika kila waombaji mia, Harvard huwachukua chini ya watano, na karo pamoja na malazi na chakula hupita dola 80,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni kumi za kwetu. Lakini kijana amenieleza jambo ambalo sikulisadiki mpaka aliporudia: kwamba vyuo vichache, vikiwemo hivyo viwili pamoja na Yale, MIT na Amherst, haviangalii mfuko wa mzazi vinapoamua nani aingie, hata mwombaji akiwa mgeni, na kwamba anayekubaliwa huzibiwa pengo lote ambalo wazazi wake hawawezi kuliziba. Vyuo vingi vingine vya huko humpima mgeni na mfuko wake kwa pamoja. Kwa hiyo kwa vile vichache, umaskini wetu sio unaofunga mlango. Kinachoufunga ni wingi wa vijana wengine wenye A kama yake, ambao baadhi yao walianza kufundishwa namna ya kuomba wakiwa bado kidato cha kwanza.

Mimi msemo wangu mnaujua, na najua mnaucheka nikigeuka: jina lisiloandikwa haliitwi. Wale vijana 81 ambao mwanasiasa wetu Tom Mboya aliwasafirisha kwenda Marekani kwa ndege moja mwaka 1959 hawakuokotwa chini ya minazi. Waliandika maombi, wakabandika stempu, wakangoja posta.

Hata hivyo, tangu uulize, silali vizuri, na si kwa sababu ya Marekani. Ni kwa sababu ya fomu yako ya mkopo wa serikali ya mwaka 2011.

Unakumbuka kwamba mkopo ulikuwa kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka, kulingana na uhitaji, na kwamba wewe ulipata ile ya chini kabisa. Ulilia, kisha ukanyamaza, na hukuniuliza kitu. Siku ile niliipeleka fomu kwa chifu nikitoka shambani moja kwa moja, utomvu wa mkonge ukiniwasha viganjani, na pale dirishani nikamkuta karani niliyesoma naye, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mikono. Alikuwa akisoma fomu za watu kwa sauti ili foleni isogee haraka. Ilipofika zamu yangu, palikuwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na mahali palipoandikwa kazi ya mzazi ulikuwa umepaacha wazi ili nijaze mwenyewe. Nikaandika “mfanyabiashara”. Mapato nayo nikayapandisha yafanane na neno lenyewe. Karani akalisoma, akanitazama, akagonga muhuri.

Nimejitetea kwa miaka mingi kwamba sikusema uongo, kwa kuwa mama yenu alikuwa akiuza vitumbua na vitumbua ni biashara. La, nilisema uongo. Vitumbua vilitulipia sabuni na mafuta ya taa. Mkonge ndio uliotulisha. Nilinunua heshima ya dakika moja mbele ya watu waliokuwa wakinijua vizuri, nawe ukailipa miaka minne kwa chai na andazi moja hadi jioni, jambo ambalo nililisikia kwa shangazi yako na si kwako.

Ndiyo maana swali lako nalijibu upande. Vyuo hivyo navyo vina fomu yao, ndefu kuliko ile, inayouliza mshahara, shamba, idadi ya wanaokutegemea na nani kati yao yuko shuleni. Nafasi ya mdogo wako siwezi kuipima, bali udhaifu wa baba yake naujua. Tena humtaka kijana aeleze maisha yake kwa mkono wake, na hapo nakiri kwamba nafsi yangu inagoma: sitaki mwanangu auze umaskini wetu kwa wageni. Kisha najiambia kwamba kuficha ndiko kulikotugharimu.

Usinilazimishe kuamua. Ulimi unaniwasha, lakini majibu ya huko hutoka mwishoni mwa Machi, na Juja hawatamngoja. Akikosa, mwaka mzima utakuwa umepotea, na mwaka huo ni wake, si wangu. Mama yenu anasema aende Juja. Mimi nasema jina lisiloandikwa haliitwi, halafu nasikia baridi tumboni.

Jana usiku aliifungua fomu kwenye simu, akafika pale pale, akaniuliza bila kuinua macho, “Baba, hapa kwenye kazi niandike nini?” Nikamwambia aandike kibarua, mkata mkonge, na mapato tukayahesabu shilingi kwa shilingi, vitumbua vikiwemo. Wanataka na ushahidi wa malipo. Karatasi zangu zote za mshahara zimo katika lile sanduku la bati ulilorudi nalo kutoka chuoni, na ufunguo wake umebaki kwako. Mpe dereva wa basi la Ijumaa, nitamngoja stendi.

Ni mimi, baba yako.