Kwa Nini wa Nje Aanzie Mbele?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa michezo, Urambo, Tabora. Tunachora njia nane za mbio kuzunguka uwanja wa mpira. Wazazi wanauliza: mbona mtoto wa njia ya nje anatangulizwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hata mimi niliwahi kupangwa njia ya nane, pekupeku, mistari ya majivu. Nikazomewa eti nimependelewa! Kona ya nje ni ndefu. Njia ikiwa na upana wa mita 1.22, na uwanja hauna ukingo ulioinuka upande wa ndani, kwa mita 400 kila mmoja amtangulie wa ndani yake kwa mita 7.67. Wa nane anamtangulia wa kwanza kwa mita 53.66. Hapo njia ya kwanza ipimwe sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Tumia futi kamba. Kamba ya katani ikilowa hunywea.