Barua kwa mwanangu: kabla hujashika kopo la rangi

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako ya juzi nimeisoma nikairudia, na ile ya sauti uliyotuma usiku nimemsikilizisha na baba yako. Umeuliza, mama, nikubali ile nafasi ya kujitolea mwaka mzima Babati kwa posho ya laki mbili kwa mwezi, kazi yenyewe kuzunguka vijijini kusaidia mipango ya matumizi ya ardhi na misitu ya vijiji, au nikae nyumbani nisubiri TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, watangaze ajira. Baba yako kajibu hapohapo, asubiri ajira, stashahada ya misitu ya chuo cha Olmotonyi hatukuisomesha ikaishie kwenye posho. Unamjua baba yako. Mimi nikasema ntamwandikia, maana maneno marefu kwenye simu siyawezi.

Hela tuimalize haraka. Laki mbili ukitoa chumba na bodaboda za kwenda vijijini hubaki na kitu, hilo tunalijua wote, na unga na maharage tutakutumia kama tulivyomfanyia kaka yako alipokuwa fildi. Hilo halininyimi usingizi. Kilichonikaa moyoni ni ile sentensi yako ya mwisho, eti kazi yenyewe mama ni ndogo tu, nitakuwa nashika tepu ya kupimia na kopo la rangi ya kuwekea miti alama za mpaka, maamuzi wanafanya wakubwa. Hapo ndo nataka tukae tuongee, najua hukuuliza hilo lakini ndilo ntakalokujibu.

Habari ya ng'ombe wa babu umeikuta nyumbani kama ulivyolikuta lile kabati, hujawahi kuuliza ilitoka wapi. Nyie watoto mnasema babu alinyang'anywa ng'ombe, basi. Hakunyang'anywa. Mwaka 1979, mimi nikiwa la saba, ilitoka amri kwamba mifugo yote itoke kwenye lile eneo la milima ya kwetu Kondoa lililoliwa na mmomonyoko, kilomita za mraba 1,256, Haubi humo, Kolo humo, mifugo karibu elfu 90 ikahamishwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ile HADO mnayoisikia, ulikuwa umeanza 1973 kwa hela za Waswidi, wakachimba matuta kwa mashine, wakaotesha miti, lakini ng'ombe wakipita tuta linabomoka na mche unaliwa, ndo ikaamuliwa kwamba bora wanyama wasiwepo kabisa. Mwenye ndugu kule tambarare akapeleka kwa ndugu, asiye na ndugu akauza kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Na ardhi ilikuwa mbovu kweli, nisikudanganye. Korongo la nyuma ya kwetu ukishuka chini ukasimama huoni nyumba wala moshi, unaona ukuta wa udongo mwekundu pande zote na mizizi ya mti inaning'inia hewani, mti wenyewe uko juu ukingoni unasubiri mvua ijayo udondoke. Kila masika linameza kipande cha shamba la mtu. Bibi yako alikuwa na mstari wa mawe aliouweka mwenyewe, watoto tusivuke, na kila mwaka ilibidi ausogeze karibu na jiko.

Sasa nikwambie kinachoniuma mpaka leo, na siyo amri. Amri ilitoka juu huko, waliokaa wakaijadili hatukuwaona. Kinachoniuma ni kijana aliyekuja kuhesabu. Ofisi yake siitaji na jina lake silitaji, alikuwa wa kazi za chini kabisa, daftari na kalamu, umri wako huohuo. Bibi yako akamletea kigoda, hakukaa. Akauliza mzee una wangapi. Babu akaanza kumtajia kama alivyozoea kuwataja jioni wakiingia zizini, Chausiku na ndama wake, yule mwekundu wa mahari ya shangazi yangu mkubwa, yule mwenye pembe iliyovunjika ambaye si wetu, ni wa jirani yetu, mzee wa ule mji wa chini, tunamtunzia tu. Kijana akamkatisha, mzee mimi nataka namba. Babu akanyamaza. Kijana akahesabu mwenyewe kwa kidole akiwa amesimama langoni, akaandika namba moja mbele ya jina la babu, akaenda mji wa pili.

Ile namba moja, mwanangu. Kwenye karatasi wale wote wakawa wa babu. Walipoondolewa waliondoka kama kundi la babu, walipopungua njiani na wengine kuuzwa kila mtu alimfuata babu, mwenye yule wa pembe iliyovunjika akasema umeuza ng'ombe wangu, wa mahari wakasema yao. Babu angejibu nini na karatasi inasema ni wake? Ndo maana mpaka leo na ule mji wa chini hatuzikani. Unakumbuka msiba wa bibi, uliuliza mbona wale pale hawaji, nikakwambia ni mambo ya zamani. Mambo yenyewe ndo hayo. Kigoda ambacho mtu hakukikalia, na sentensi mbili ambazo hakutaka kuzisikia.

Kwa hiyo neno langu unalijua tangu uko form two, nalirudia na ntalirudia, kabla hujamwambia mtu habari ya ng'ombe wake wajue kwa majina. Wajue kwa majina. Siyo wangapi tu, bali yupi ni wa nani na yuko pale kwa sababu gani.

Lakini sasa hapa ndo nagombana na nafsi yangu, maana nikisema hivi naonekana kama nasema hifadhi ni ubaya, na mimi siyo nilichokiona. Nyasi zilirudi. Nilikuwepo. Miaka michache tu vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani, chini ya korongo pakashika majani, mstari wa mawe wa bibi ukaacha kusogezwa. Babu mwenyewe, kwa uchungu wote aliokuwa nao, alikuwa akipita pale anasema hii ardhi ilikuwa inakufa. Alafu anakaa kimya, alafu anasema lakini maziwa je? Maziwa hayakuwepo, na samadi haikuwepo, na shamba bila samadi si unajua linatoa nini. Mpaka zilipokuja zile taratibu za kufuga ndani ya banda na kukatia majani, mwisho wa miaka ya 80 kuingia 90, nyumba nyingi zilikaa bila ng'ombe hata mmoja.

Na kuna lingine linanichanganya zaidi. Sisi tuliambiwa kosa ni la ng'ombe. Baadaye wataalamu waliopima udongo wa Haubi wakaona mmomonyoko mwingine pale ni wa zamani sana, umeanza kabla hata Mjerumani hajafika. Na wakati wa Mwingereza mapori yalifyekwa kuwafukuza mbung'o, nani alihesabu hilo? Kwa hiyo ilikuwa sawa kuwatoa au haikuwa sawa? Nimejiuliza mpaka nywele zimeota mvi. Siku nyingine nasema ilikuwa lazima. Siku nyingine nakumbuka babu alivyokuwa anaamka alfajiri kwa mazoea, anafungua zizi tupu, na nasema hapana, palikuwa na njia nyingine ila hapakuwa na mtu wa kukaa kwenye kigoda akaisikiliza.

Alafu unajua nilienda kufanya kazi wapi. Kibarua bustani ya miche, ya hifadhi hiyohiyo iliyotoa ng'ombe wa baba yangu. Nyumbani walinisema sana, shangazi yangu ndo usiseme. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, udongo wa msituni, mchanga, samadi, unachanganya kwa jembe, unajaza kwa mkono, unagonga chini ili pasibaki hewa, unapanga kwenye tuta ukiwa umechuchumaa mpaka magoti yanagoma. Mijohoro mingi, tena kwenye makorongo tukapanda mkonge. Samadi ikawa inaletwa na trekta kutoka nje ya eneo, maana ndani ng'ombe walishaisha.

Tulikuwa na msaidizi pale, kijana mwenye cheti, wa chini kabisa kwenye ngazi zao, juu yake walikuwepo watu hata majina yao hatuyajui. Siku moja babu akaja na debe. Nilimwona toka mbali nikataka ardhi inifunike, mzee aliyekuwa na zizi anakuja kuomba mavi ya ng'ombe kwa watu wa miti! Yule kijana hakuuliza kibali wala hakusema hii ni ya viriba. Akachukua debe mkononi mwa babu kwa mikono miwili, akaenda kwenye lundo akajaza mwenyewe, akashindilia, akaongeza tena juu. Alafu akakaa chini palepale kwenye lundo la udongo akamuuliza, mzee, ulikuwa na ng'ombe wa aina gani? Babu akaanza, Chausiku. Akamtaja mpaka wa mwisho, akifika kwa yule wa pembe iliyovunjika akaeleza na ugomvi wake wote, na yule kijana anasikiliza tu, jua linawaka, sisi tumeacha viriba tunatazama. Sijawahi kuona babu yako anaongea na mtu wa serikali hivyo, kabla wala baada.

Na matokeo yake ni haya. Wazee walikuwa hawaji kwenye mikutano ya hifadhi, walikuwa wanatuma watoto. Baada ya siku ile babu akaanza kwenda, na wenzie wakamfuata. Walipokuja kusema habari ya kufunga ng'ombe bandani babu alishajua masharti yote kwa sababu kijana alimweleza kwanza njiani kwa lugha ya kawaida. Sheria ilikuwa ileile, mabosi walewale. Kilichobadilika ni yule aliyeshika jembe la chini.

Wewe unakoenda, kama utaenda, siyo hifadhi ya amri. Babati kuna historia yao nzuri, msitu wa Duru-Haitemba serikali ilitaka kuufanya hifadhi yake, wanavijiji wakakataa, na miaka ya 90 mwanzoni wakaachiwa waulinde wenyewe, wakaweka walinzi wao na sheria ndogo zao, hata Sheria ya Misitu ya 2002 inayotambua misitu ya vijiji ilikuwa bado haijatungwa. Kwa hiyo utafika kwa watu wanaojua mambo, usiende na sura ya kufundisha. Na mpango wa matumizi ya ardhi lazima upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hapo watanyoosha mikono mia na kitu na utaona umemaliza. Hujamaliza. Mfugaji anayepita na mifugo yake kiangazi tu hayupo kwenye mkutano. Mama mjane mwenye shamba pembeni kabisa ya eneo mlilosema la malisho yuko nyuma kabisa na hanyooshi mkono. Wewe mwenye tepu ndo utakayewaona, kwa sababu wewe ndo utakayepita kwa miguu mpaka mwisho wa mpaka. Mkubwa atabaki kwenye gari akisubiri ramani. Ukipiga rangi kwenye mti ule badala ya huu umehamisha shamba la mtu, na kwenye ramani itaonekana ni mstari umenyooka vizuri.

Eti kazi ndogo. Mimi sijaona kazi ndogo hapo.

Ila nisije nikaonekana nakusukuma. Baba yako ana hoja, umri unakwenda, wenzio wanaingia kwenye mfumo, na hizi kazi za kujitolea kuna vijana wanazungushwa mwaka hadi mwaka wakiahidiwa mkataba, hilo nimeliona kwa watoto wa watu na linakera. Uliza mapema, kwa maandishi, mwaka ukiisha wanakupa nini. Barua ya utumishi wanatoa? Bima ya afya je, ukianguka na pikipiki huko porini nani analipa? Wakikwepa swali hilo basi na wewe wakwepe. Na ajira ya TFS ikitangazwa katikati ya mwaka uombe, usione aibu kuondoka, hutakuwa umemkosea mtu.

Sasa niseme nini. Sitaki kusema nenda, maana ukienda ukateseka utasema mama alisema. Sitaki kusema kaa, maana nakuona ukikaa hapa sebuleni unafungua ule mtandao wa ajira kila asubuhi na uso umeshuka. Uamuzi ni wako, umeshakuwa mtu mzima, nimemwambia na baba yako hivyohivyo na kanuna.

Lakini nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali. Mama yako mdogo wa Babati ana chumba cha uani, kuna mpangaji anakitaka na keshaleta kodi ya miezi mitatu mkononi, mimi nimemwomba asiipokee kwanza.

Mama yako