Solo inamezwa ukumbini: pedali ya ekwalaiza ikae wapi?

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi hapa Kirumba, Mwanza. Nyumbani sauti yangu ni nene na tamu, tukifika ukumbini inamezwa na kinanda na ridhimu. Nimenunua pedali ya ekwalaiza (ya kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na za juu, kila moja peke yake), Boss GE-7, nikaiweka kabla ya distoshini, ile pedali ya kukwaruza sauti. Nikiikanyaga sauti inazidi kukwaruza tu, haipandi. Ni mbovu?
Mpiga solo, Kirumba

JIBU: Ni nzima, ila haijakaa mahali pake. Ikiwa mbele ya distoshini, inaisukumia mawimbi makubwa zaidi, na distoshini ilishafika kikomo. Kila kinachozidi inakikata. Ndiyo maana ukali unaongezeka na ukubwa wa sauti unabaki palepale. Panga hivi: gitaa, distoshini, ekwalaiza, mwangwi kama unao, kisha amplifaya. Kama ukwaruzaji unautoa kwenye amplifaya yenyewe, tazama nyuma yake kama kuna matundu yaliyoandikwa Send na Return. Waya mmoja utoke Send uingie Input ya pedali, mwingine utoke Output urudi Return. Hakuna matundu? Punguza gain (kitufe cha ukali) mpaka amplifaya iwe safi, ukwaruzaji uufanye kwa pedali.

Sasa slaida, yaani vitufe vya kusogeza juu na chini. Ziko saba za masafa, kuanzia Hz 100 (besi) hadi 6,400 (sauti kali za juu), na ya nane, kulia kabisa, ni ya sauti nzima. Kila moja hupanda au kushuka hadi desibeli 15, kwa hiyo theluthi ya njia kutoka katikati ni kama desibeli 5. Hz 100 ishushe desibeli 6: hapo ni kwa besi na ngoma kubwa, na huo unene unaokufurahisha chumbani ndio unaopotea humo. Hz 200 shusha 3, 400 iache. Pandisha 800 kwa 3 na 1,600 kwa 5. Solo inasikika hapa. Hz 3,200 ongeza 2, lakini ukipigia pickup (kinasa sauti cha nyuzi) ya karibu na daraja slaida hii usiiguse, itachoma masikio. Hz 6,400 shusha 4, maana huko utaongeza mchirizo tu. Sauti nzima ipandishe mwisho, desibeli 3 hadi 5.

Rekebisha slaida wakati bendi nzima inapiga. Ukiwa peke yako mpangilio huu utauona mwembamba na utashawishika kurudisha besi. Na mwambie mpiga kinanda apunguze mkono wa kushoto solo ikiingia. Hilo hakuna pedali italifanya.

SWALI: Pedali ya ekwalaiza ya kwaya yetu inanguruma, na slaida zinakwaruza zikisogezwa.
Mwanakwaya, Sengerema

JIBU: Weka betri ya volti 9, chomoa adapta. Mngurumo ukiisha, mkosaji ni adapta, hasa kama inalisha pedali kadhaa kwa pamoja. Tafuta ya volti 9 yenye hasi katikati ya plagi, ya pedali hiyo peke yake. Kukwaruza ni vumbi na unyevu: pulizia dawa ya kusafishia swichi kidogo kwenye nafasi ya kila slaida, isogeze juu na chini mara ishirini hivi, acha ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya cherehani hapana, yanakamata vumbi zaidi. Na mkimaliza mazoezi chomoeni waya wa Input, la sivyo betri itaisha pedali ikiwa imekaa tu.