Maswali na Majibu: Gesi Ikitoka Kwenye Maji, Inakwenda Wapi?

Kati ya maswali yaliyonifikia kuhusu gesi zilizoyeyuka katika maji ya nyumbani, nimechagua sita. Mengi ya yaliyobaki yanauliza mashine gani inunuliwe bila kueleza maji yenyewe yana nini, na hayo sitayajibu hata yakirudiwa.

Shikamoo mhandisi. Maji ya kisima chetu kirefu hapa Kigamboni yananuka yai viza. Fundi anataka tununue pampu ya kuingiza mapovu ya hewa ndani ya tangi. Itafaa?

Marahaba. Huenda itafaa, lakini fundi wako ametoa dawa kabla ya kupima ugonjwa. Harufu ya yai viza ni ya haidrojeni salfaidi, na wauza pampu hawapendi kueleza tabia yake: ndani ya maji, sehemu yake hubaki gesi na sehemu nyingine huwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme, zisizoweza kuruka hewani), na hewa huweza kutoa ile iliyo gesi peke yake. Maji yakiwa na pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi; ikipanda, uasidi umepungua), karibu nusu ni gesi. Yakifika pH 8, ni kama sehemu moja tu ya kumi. Tena hewa hiyohiyo hufukuza pia hewa ya ukaa, ambayo ikiondoka pH hupanda, kwa hiyo kadiri unavyopuliza ndivyo salfaidi iliyobaki inavyozidi kuwa ngumu kutoka.

Basi pima pH kwanza, tena hapo hapo kisimani. Ikiwa 7 au chini yake, huenda usihitaji pampu ya mapovu kabisa. Bomba lenye matundu madogo, likinyunyiza maji juu ya trei mbili tatu za kokoto kabla hayajaingia tangini, hufanya kazi kubwa, kwa sababu gesi hutoka upesi maji yanapokatwakatwa kuwa matone na hewa mpya ikapita kati yake. Ikiwa pH iko juu ya hapo, salfaidi iliyobaki itabidi imalizwe kwa klorini. Klorini kidogo utaihitaji kwa vyovyote, maana maji yaliyopita hewani huokota vumbi na vijidudu. Kila tundu la tangi liwekewe wavu wa mbu.

Hukuuliza tangi likae wapi, nami nitakujibu hata hivyo: likae nje. Nimewahi kuingia katika nyumba ambayo tangi la namna hiyo liliwekwa darini, na bomba la kutolea hewa likaishia humohumo darini. Maji yalikuwa mazuri kabisa, ila wenye nyumba walikuwa wanaamka na maumivu ya kichwa.

Kwetu yanayonuka ni maji ya moto tu, ya baridi hayana harufu.

Basi kisima hakina kosa. Ndani ya hita yenu kuna fimbo ya magnesiamu ya kuzuia kutu, na bakteria huitumia kugeuza salfeti ya maji kuwa salfaidi. Badilisheni fimbo iwe ya alumini yenye zinki, kisha muisafishe hita kwa klorini.

Sisi wa Arusha tuna floraidi nyingi. Tukiyarusha maji hewani itapungua?

Hapana, na swali hili limeletwa mara nyingi kuliko linavyostahili. Floraidi ni chumvi iliyoyeyuka, haina njia ya kuruka hewani hata ukipuliza mwaka mzima. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki yote sufuriani. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, kama lile ambalo kituo cha Ngurdoto kimelifanyia utafiti kwa miaka mingi, au kutafuta chanzo kingine chenye miligramu 1.5 kwa lita au pungufu.

Tumehamia nje kidogo ya Lewiston, Maine, Marekani, na nyumba ina kisima kirefu. Kipimo cha maji kimeonyesha radoni pikokyuri 20,000 kwa lita. Muuzaji wa chujio la mkaa anasema la kwake linatosha.

Halitoshi kwenu. Radoni ni gesi yenye mionzi, na pikokyuri ni kipimo cha mionzi hiyo; hutoka katika miamba yenye urani, na graniti ya Maine inajulikana kwa hilo. Hatari yake kubwa haiko katika kunywa bali katika kuvuta pumzi, kwa sababu maji ya kuoga, ya kufulia na ya kuoshea vyombo huiachia ndani ya nyumba, na huko Marekani radoni huhesabiwa kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Chujio la mkaa huikamata kweli, lakini halijaipeleka popote: linaikusanya, na kwa kiwango kama chenu chombo chenyewe huanza kutoa mionzi pale kilipo. Chagueni tangi lililofungwa lenye feni, ambalo huweza kuondoa hadi asilimia 99, na bomba lake la kutolea hewa lipande hadi juu ya paa, mbali na madirisha.

Pimeni pia hewa ya nyumba. Pikokyuri 10,000 katika lita ya maji huongeza takriban 1 katika lita ya hewa, hivyo maji yenu yanachangia kama 2. Mamlaka za huko hushauri nyumba irekebishwe hewa ikifika 4, na mara nyingi radoni iliyo nyingi hupanda kutoka udongoni chini ya nyumba. Msije mkatibu kisima mkaisahau sakafu.

Kisima chetu cha kuchimbwa kwa mkono kina mita 12. Tukitaka kukisafisha, tushushe chemli kwanza kujua kama kuna gesi?

Msishushe chemli, wala mtu. Chemli ikizimika inaonyesha upungufu wa oksijeni, lakini haidrojeni salfaidi huua mtu wakati mwali ungali unawaka vizuri, na ikiwa kuna methani kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, chemli hiyo ndiyo itakayolipua. Pua nayo si shahidi, maana salfaidi ikizidi huiua pua kwanza, harufu ikapotea na mtu akadhani gesi imekwisha. Itafuteni timu yenye kipima gesi, feni ya kusukuma hewa hadi chini, kamba na watu wa kuivuta wakiwa juu. Anayeruka ndani kumwokoa wa kwanza huwa maiti wa pili.

Maabara imesema maji yetu hayana salfaidi, lakini bado yananuka.

Mlipeleka chupa iliyojaa nusu, sivyo? Gesi ilihamia kwenye ile nusu tupu, na kifuniko kilipofunguliwa ikaondoka. Fungueni koki maji yatiririke dakika kadhaa, zamisheni chupa ndani ya ndoo inayofurika, ifungeni ikiwa humohumo majini bila povu hata moja, na kabla ya safari iombeni maabara chupa yenye asetati ya zinki, kemikali inayoishika salfaidi isitoroke.