Bibi kwenye bustani ya burudani? Nendeni naye

Usimwache bibi nyumbani eti ana miaka 78. Kodisha kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, maana kinachowamaliza wazee ni kusimama foleni na ule umbali kati ya mchezo na mchezo. Mara nyingi hukodishwa langoni na huisha mapema, basi wahini. Jua likiwa kali mrudi hotelini alale kidogo, jioni mtoke tena. Dawa zake zikae kwenye mkoba wako, si kwenye gari. Mabembea ya kasi huwa na bango la onyo kwa wenye matatizo ya moyo, mgongo au shingo. Kama onyo hilo linamhusu, asipande. Na tafadhali, muulizeni yeye anataka kuona nini!