Mama ana mayeloma (saratani ya uboho wa mifupa), figo zimeyumba, na bado anameza diklofenaki?

Mkuu, maswali yako nimeyaona: figo mbovu zitamnyima mama upandikizaji wa seli shina? Atalazwa muda gani? Ale nini? Nywele zitaota lini? Lakini katikati umechomekea kwamba mgongo ukimbana anameza diklofenaki. Aisee! Kamnyang'anye sasa hivi, kisha mpigie daktari wake.

Mimi mwenyewe ndiye mwenye mayeloma, sisimulii ya jirani. Tarehe ya kuvuna seli shina zangu za kupandikizwa ilishapangwa. Mgongo ukawaka, nikaingia duka la dawa. Yule bwana hakuniuliza naumwa nini wala natumia dawa gani. Alinikatia vidonge kwa mkasi akasema hii ni kiboko ya mgongo. Kiboko kweli: mgongo ulitulia, na mkojo nao ukatulia. Miguu ikavimba hadi soksi zikiacha mtaro. Kreatinini, ile taka ya damu inayopanda figo zikilegea, ikapaa, tarehe ikafutwa, nikajikuta kwenye mashine ya kusafisha damu (dayalisisi) na mpira shingoni. Yeye bado anauza, tena kavaa koti jeupe. Koti!

Saratani hii humwaga vipande vya protini kwenye damu. Vikifika kwenye figo vinagandamana na kuziba vijirija vyake. Sasa diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, kidonge au sindano, hupunguza damu inayoingia kwenye figo hizo hizo zilizokwisha kuelemewa. Hakuna cha "kimoja tu cha usiku".

Na maumivu yenyewe msiyachukulie poa. Huenda ni mfupa unaliwa, au pingili imebonyea, kwa hiyo aangaliwe. Kuna mionzi ya kutuliza mfupa, kuna parasetamoli, kuna dawa kali zaidi ambazo daktari hupanga dozi kwa kutazama figo, maana hata mofini hulimbikizana mwilini figo zikilegea. Akipelekwa kipimo cha picha cha CT, kile cha kuchomwa dawa ya rangi, ataje figo kabla hajapanda kitandani.

Sheria yangu ni moja: hakuna kidonge, sindano wala mzizi unaoingia mwilini kabla timu ya upandikizaji haijakiona, pamoja na kipimo cha kreatinini cha karibuni. Hata kama aliyekileta ni shangazi. Hasa kama ni shangazi.

Swali la kwanza nalo: figo peke yake hazifungi mlango. Hata walio kwenye dayalisisi wapo wanaopandikizwa seli zao wenyewe, ila melfalani, dawa kali ya saratani inayotangulia kabla seli hazijarudishwa, kwa kawaida hushushwa kutoka miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili hadi 140. Nilipewa hiyo 140, nikimung'unya barafu wakati dripu inaingia ili mdomo usichubuke. Seli zilishika. Figo hazikurudi zote.

Ya nywele waulize wengine, upara wangu ulianza kabla ya ugonjwa. Wewe ukimaliza kumpigia daktari, kagua na mkoba wa mama. Wamama hawaishiwi vidonge vya akiba.