Jibu: Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Pole sana ndugu. Umeuliza kama uendelee na zoezi la kulalia tumbo na kujiinua kwa mikono, maana mguu umepata nafuu lakini kiuno ndiyo kinauma zaidi. Endelea, hiyo ni dalili njema. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, aliliona hilo kwa mgonjwa wake mwaka 1956. Maumivu yakipanda kutoka kigimbini hadi pajani, kisha yakabaki kiunoni tu, zoezi linakufaa. Yakishuka kuelekea unyayoni, acha.

Lala kifudifudi, viganja usawa wa mabega, nyoosha mikono taratibu huku nyonga zikibaki chini. Usikaze makalio kabisa! Wengi wanakosea hapo, halafu wanasema zoezi halisaidii. Rudia mara 10, kila baada ya saa 2 au 3, na kila ukimaliza angalia maumivu yameishia wapi. Kwenye kiti usikae umejikunja.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo ukikugomea au kukutoka wenyewe, au mguu ukiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, tafadhali.